Samaki Wangu Walioota Miguu

Jirani yangu hapa Bondeni, mjini Nakuru, hukaanga samaki mlangoni kwake jua likipungua, na harufu yenyewe haina adabu, inaingia kwangu bila kubisha hodi. Wajukuu wakisikia tu wanatoka na sahani. Wakiniletea wangu, mimi simmegi mara moja. Namgeuza kwanza. Namwangalia chini ya tumbo, upande huu na upande ule, ndipo naomba na kula.

"Kogo anatafuta nini?" wanaulizana. Kogo ni nyanya, kwetu.

"Natafuta miguu," nawaambia.

Wanacheka mpaka wanalala kwenye viti. Wanadhani ni uzee. Acha wacheke. Lakini nyinyi wa rika langu, mliokulia kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, kwenye mashamba ya wazungu, nyinyi mtanielewa, na ndio ninaowaandikia. Mkono wangu ni mzito kwa kalamu. Shule nilisoma kidogo sana, kwenye ghala la kukaushia maua ya pareto, tumekaa chini kati ya magunia, na kitu nilichojifunza vizuri zaidi pale ni kupiga chafya. Kwa hivyo mkiona nimepotea njia, nisubirini, nitarudi.

Shamba letu lilikuwa juu ya Njoro, kwenye mteremko wa Mau. Asubuhi ya mbingu safi ungesimama kwenye zizi la ndama ukaona ziwa la Nakuru kule chini kabisa, limelala kama sahani, na ukingo wake una rangi ya waridi. Rangi hiyo ni ndege. Sisi watoto tulidhani ni maua ya mtu fulani tajiri. Mzungu wetu tulimwita Kofia Mbili, kwa sababu alivaa ya kitambaa na juu yake akaweka nyingine ya jua. Jina lake la kweli silijui mpaka leo na sijawahi kulihitaji. Baba alikuwa mkamuaji wake. Mama alichuma pareto, na vidole vyake vilinuka ile harufu chungu hata akikupaka mafuta kichwani Jumapili.

Siku moja baba alinipandisha kwenye lori la maziwa tukaenda mjini, na tulipopita karibu na ziwa nikamuuliza kwa nini hakuna mtu anayechota yale maji.

"Yana magadi," akasema. "Ng'ombe akinywa sana anaharisha."

"Na ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Matope."

Hilo naomba mlishike, kwa sababu ndilo linalonitetea. Mimi nilikulia nikitazama ziwa kila asubuhi ya Mungu, na samaki nilikuwa sijawahi kumwona hata mmoja. Si mzima, si mkavu. Kwetu samaki hakuliwa. Kogo wangu, mama yake baba, alimwita nyoka wa majini, na akishalitaja jina hilo anatema mate pembeni.

Sasa, kwenye laini yetu, chumba cha mwisho karibu na bomba, aliishi dereva wa tingatinga. Mtu mrefu, mweusi, mpole, aliyeimba juu ya mashine yake mpaka ukashindwa kujua ni nani ananguruma. Alikuwa ametoka upande wa ziwa lile kubwa la Kisumu. Mwaka huo alikwenda kwao akarudi na mke, msichana tu, anaitwa Akinyi. Sisi watoto tulimwita Mama Dereva hata kabla hajawa mama wa mtu.

Sijui kwa nini alinipenda mimi. Labda kwa sababu nilikuwa na maswali mengi na yeye hakuwa na mtu wa kumjibu. Lugha yetu hakuijua, yake hatukuijua, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kama changu. Nilimchotea maji, yeye akanisuka nywele. Aliniita nyathina, mtoto wangu, na mimi niliitika kama vile ni jina nililobatizwa.

Halafu akaacha kula.

Mimi nilizipata habari hizo bombani, mahali ambapo mtoto akinyamaza na ndoo yake wanawake husahau kwamba ana masikio. Mama Dereva ana mimba. Ya kwanza ilitoka huko kwao, na hii nayo itatoka kama hatakula. Ugali anautapika. Maziwa anayatapika. Kitu anachotaka ni samaki, tena mbichi, wa kutoka majini siku hiyo hiyo, na huku mlimani atampata wapi? Dereva aliletewa mkavu mmoja kutoka mjini, akampika mwenyewe, na mke wake akalia kwa sababu ya harufu, akasema huyu amekufa zamani.

"Mimba ikitamani kitu ikinyimwa, mtoto anazaliwa na alama ya kile kitu," Kogo akasema.

"Alama gani, Kogo?" nikasahau kwamba nimenyamaza.

"Wewe! Beba maji uende!"

Nikabeba. Lakini jambo lilikwisha kuniingia. Mama Dereva anakonda, mikono imekuwa kama vijiti vya kuotesha maharagwe, na mtoto wake ama atatoka kabla ya siku zake ama atazaliwa na alama. Na kumbe dawa yenyewe ni mnyama tu. Sisi kwetu ni wafugaji. Mnyama akikosekana, si anatafutwa akafugwa?

Nilikwenda kwake na ndoo nikamuuliza, "Samaki anakaa vipi?"

Alikuwa amelala ubavu. Akafumbua macho, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kuuona uso wake ukipata mwanga. Akanieleza kwa mikono. Ana kichwa na ana mkia. Katikati ni tumbo. Hana mkono, hana mguu. Mkia unafanya hivi, hivi, hivi, naye anaenda. Mdomo wake hauchoki kufunguka, kama mtu anayetaka kusema kitu akasahau. Anazaliwa mdogo sana, wengi pamoja, wanatembea kundi moja ukingoni mwa ziwa.

"Rangi?"

"Wadogo ni weusi-weusi. Kwani unataka kumnunua?"

"Nataka kumjua nikikutana naye," nikasema.

Na nikakutana naye. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha siku nyingi, kisha ikapumzika. Njia ya kwenda kwenye shamba la ngano ilikuwa na mitaro miwili iliyochimbwa na magurudumu ya tingatinga, mirefu, imejaa maji ya rangi ya chai. Mimi nilikuwa napeleka uji kwa mama. Nikachuchumaa kunywa kidogo, maana nilikuwa na kiu na uji haukuwa wangu, na pale mbele ya pua yangu maji yakatawanyika.

Kichwa. Mkia. Hana mkono, hana mguu. Mkia unafanya hivi, hivi, hivi. Mdomo unafunguka. Wadogo, weusi, kundi zima.

Moyo ulinipiga mpaka nikausikia kwenye meno. Samaki! Huku kwetu! Na wamezaliwa ndani ya alama ya tingatinga ya dereva mwenyewe, kwa hivyo hata kwa haki ni wake na mkewe, hakuna mtu mwingine anayeweza kudai. Nilikuwa nafikiri nitawachota na nini ndipo nikaisikia tingatinga yenyewe inakuja, inarudi kutoka kulima, na gurudumu lake litapita palepale lilipopita.

Basi nikasimama katikati ya njia nikatandaza mikono.

Mtu akiwahi kusimama mbele ya tingatinga atakuambia, kile kitu kinakua kadiri kinavyokaribia. Dereva aliacha kuimba. Akapiga kelele. Mimi nikafumba macho tu, mikono bado imetandazwa. Mashine ikaguna, ikatetemeka, ikanyamaza, na moshi wake ukanifunika.

"Chebet! Unataka kufa? Unataka nifungwe?"

"Kuna samaki!"

"Kuna nini?"

"Samaki! Wa Mama Dereva! Usiwakanyage!"

Alishuka. Akainama juu ya mtaro akiwa ameshika magoti, akatazama muda. Huyu ni mtu wa ziwa, mnielewe, baba yake alikuwa na mitego na mtumbwi. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimejaa matope na uji wa mama ulikuwa umemwagika wote.  Kisha akavua kofia yake, akaichovya kwenye maji, akaitoa imejaa wanyama wangu wakichezacheza.

"Kimbia," akasema, "kabla kofia haijavuja. Mpelekee mwenyewe."

Nilikimbia. Mama Dereva aliketi kitandani, akaichungulia ile kofia, na maji yalikuwa yakimdondokea kwenye kanga. Aliendelea kuichungulia mpaka nikaanza kuogopa kwamba nimekosea.

"Si ndio hao?" nikauliza. "Kichwa, mkia, hana miguu?"

"Ndio hao," akasema.

"Ni wadogo. Nitakufugia. Wakikua utakula."

"Nitasubiri," akasema. Akaweka mkono kichwani pangu, hapo alipokuwa amenisuka.

Nyuma ya chumba chao kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, la kufulia. Tukawaweka humo. Hapo ndipo ufugaji wangu ulipoanza, na naomba niseme bila haya, niliwafuga vizuri. Maji nilibadilisha kwa kikombe, kidogo kidogo, kwa sababu baba alisema mnyama hapendi kuhamishwa ghafla. Niliwachemshia majani ya maboga nikayaponda. Niliwatupia makombo ya ugali, nao wakayashambulia kutoka chini, ugali ukawa unatembea peke yake juu ya maji. Ukining'iniza kidole wanakuja kukichokonoa kwa midomo yao, laini kama ulimi wa ndama.

Kwa baba kulikuwa na sheria moja. Mwenye mifugo hali kabla mifugo haijala. Hata awe na njaa ya namna gani, ndama kwanza, yeye baadaye. Lakini sheria hiyo ina upande wa pili ambao watu huusahau, na baba hakuusahau: mifugo ikishakula, mwenyewe naye lazima ale, palepale, wakimwona, la sivyo watakonda. Alikuwa anakunywa kikombe chake cha maziwa amesimama zizini, akiwatazama ndama usoni.

Basi nikamwambia Mama Dereva, "Hawa ni wako. Mimi ni mchungaji tu. Nikiwalisha, lazima ule."

"Nikila nitatapika."

"Tapika upande ule. Lakini kula wakikuona."

Alicheka kidogo, akanikubalia kama mtu anayembembeleza mtoto. Akala tonge. Kesho yake matonge mawili. Niliketi hapo na fimbo ya baba mapajani, kama askari, namhesabia. Tonge moja kwa pipa, tonge moja kwa mwenye pipa. Nyathina anafika na bakuli, Mama Dereva anatoka nje mwenyewe, anaketi kwenye gogo kando ya pipa, na jua linamchoma mgongo. Siku zikienda, akawa ananiuliza yeye, "Leo umechelewa, samaki wangu wana njaa," kumbe mwenye njaa ni yeye. Mikono ikaacha kuwa vijiti.

Watu wakaanza kuja kuangalia. Laini nzima ikajua kwamba binti wa mkamuaji anafuga samaki. Baba mwenyewe alikuja jioni moja, mikono bado ina povu la maziwa, akachungulia pipani kama anavyochungulia ng'ombe mgeni. Akatazama sana. Akasema, "Wana afya." Basi. Kwa baba hiyo ilikuwa hotuba. Kwa furaha sikupata usingizi.

Lakini kulikuwa na Kiptoo. Kiptoo alikuwa mtoto wa baba mdogo, amenizidi umri kidogo, mchunga ndama, na kila kitu alikuwa anakijua, mtu wa namna hiyo. Alikuja akaweka kiwiko kwenye ukingo wa pipa.

"Hiyo si samaki."

"Ni samaki."

"Hiyo ni vyura, mjinga wewe. Mimi naona hiyo kila siku kwa mto. Watoto ya chura."

"Chura ana miguu. Hawa miguu iko wapi? Onyesha!"

"Ngoja utaona."

"Chura anaruka. Ona huyu, anaruka? Chura ana mkia? Wewe umewahi kuona chura na mkia, Kiptoo?"

Alikuwa hajawahi. Akasema tu, "Fuga vyura wako, Mama Vyura," na wenzake wakaitikia "Mama Vyura! Mama Vyura!" Mimi nikampiga na bakuli. Akanivuta nywele. Mama akatutenganisha, na nilipomwambia kwa machozi alichokisema Kiptoo, nilingoja amcharaze. Hakumcharaza. Alimvuta pembeni kwa sikio, akamnong'oneza kitu kirefu, na Kiptoo tangu siku hiyo akawa anapita mbali na lile pipa, akinitazama kama mtu aliyefunga pilipili mdomoni.

Nikamuuliza Mama Dereva mwenyewe. Yeye ndiye aliyetoka kwenye samaki. "Kiptoo anasema ni vyura."

"Kiptoo ametoka ziwani?"

"Hapana."

"Basi."

Lakini siku hiyohiyo aliniambia nitafute jiwe, kubwa, niliweke katikati ya pipa mpaka litokeze juu ya maji.

"Samaki wanataka jiwe la nini?"

"Weka tu. Kuna siku watachoka kuogelea."

Nikaweka. Mfugaji husikia ushauri.

Siku ya miguu ilikuwa Jumapili, na ndiyo maana kila mtu alikuwepo. Watu wametoka kusali, wanawake wanafua, wanaume wanakata nywele. Nilikwenda na majani yangu. Nikainama. Samaki mkubwa kuliko wote, niliyempenda, alipita karibu na uso wa maji, na nyuma, pale mkia unapoanza, alikuwa na kitu kama nyuzi mbili. Nikadhani ni uchafu umemnasa. Nikamchota kwa kiganja. Nyuzi zikakunja magoti.

Nilipiga yowe. Laini nzima ikaja.

Kiptoo aliwahi kabla ya wote, na zile pilipili zote alizokuwa amezifunga zikatoka. "Nilisema! Si nilisema? Vyura! Mama Vyura!" Watoto wakaruka-ruka kwa miguu iliyokunjwa, kroo, kroo, kulizunguka pipa. Watu wazima wengine waliziba midomo kwa viganja. Kogo akasukuma watu, akachungulia, akatema mate.

"Umewalisha ugali," akasema. "Chakula cha watu. Sasa wanataka kuwa watu."

Alikuwa anatania, nadhani. Lakini mimi niliamini, na kilichoniingia baada ya hapo hakikuwa aibu. Nilikumbuka bombani. Mimba ikitamani kitu ikinyimwa, mtoto anazaliwa na alama ya kile kitu. Mama Dereva aliahidiwa samaki. Nimemfugia vyura. Siku zote hizo amekula akiwatazama. Mtoto atazaliwa na nini? Miguu ya kukunja? Mkia? Na mimi ndiye niliyefanya hivyo, mimi niliyesimama mbele ya tingatinga.

Nilikaa chini kwenye matope ya kufulia nikalia, na sikuweza kumwambia mtu ni kwa nini.

Mama Dereva alitoka chumbani. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana wazi, na uso umejaa. Aliingiza mkono pipani, akampata yule mkubwa, akamweka kwenye kiganja na kumnyanyua ili kila mtu amwone.

"Mnacheka nini?" akauliza, kwa kile Kiswahili chake cha kuokota. "Nyinyi mnajua samaki? Nani hapa anajua samaki? Kwetu, samaki akikosa ziwa, anaota miguu aende kulitafuta."

 Dereva, aliyekuwa amekaa na nusu ya kichwa imenyolewa, akainamisha ile nusu.

"Huyu mtoto amewapa samaki wangu miguu," akasema Mama Dereva. "Hata nyinyi mnaofuga ng'ombe hamjawahi kumpa ng'ombe miguu."

Kicheko kilichofuata hapo kilikuwa cha namna nyingine. Hata Kogo alicheka. Kiptoo peke yake ndiye aliyebaki amekunja miguu bila kujua aruke au asimame.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa mzee kuliko nilivyo sasa, nilimuuliza kama watu wazima walijua. Akanitazama kama ninavyowatazama wajukuu. "Chebet, nani asiyejua chura?" Dereva alipita kila mlango jioni ile ya kofia, akaomba watu wafunge midomo. Mama ndiye aliyewaambia wanawake wa pareto. Baba alipoambiwa akasema yeye atakwenda kuangalia mifugo kama kawaida. Laini nzima, Wakipsigis, Waluhya, Waturkana walinzi wa usiku, watu waliokuwa wanagombana kila siku juu ya zamu ya bomba, walikubaliana wote juu ya uongo mmoja, kwa ajili ya msichana wa watu, Akinyi, anayekula matonge mawili. Nikikumbuka watu wale, kifua changu kinapanuka mpaka leo. Sijui kama sasa ungewapata, hapa mjini, ambapo hata jina la jirani unaliuliza kwa mwenye nyumba.

Ufugaji ulikuwa haujaisha. Ikaja mikono, ikichomoza kwa mabega kama mtoto anayevaa shati. Halafu wakaacha kula. Nikaweka majani, hawagusi. Ugali, hawagusi. Nikaogopa upya, kwa sababu nilikwisha kuona mtu anayeacha kula ni kitu gani. Mama Dereva akasema, "Waache. Sasa wanakula mkia wao." Na ni kweli, mkia hauanguki, msidanganywe na mtu. Unaingia ndani kidogo kidogo, unakuwa kisiki, unakuwa nukta, na mnyama anashiba kwa mkia wake mwenyewe. Wakapanda kwenye jiwe langu mmoja mmoja, wamekaa kama wazee wa baraza. Asubuhi moja nikakuta jiwe tupu.

"Wameenda kulitafuta," akasema Mama Dereva. Alisema polepole, akitazama kule bondeni. Baadaye kidogo yeye naye akaenda, kwa treni ya Kisumu, akajifungulie kwa mama yake. Alinishika uso kwa mikono miwili pale kwenye lori la maziwa. Sikumwambia hofu yangu. Nilimwambia tu, "Kula."

Miezi ile niliibeba hofu hiyo peke yangu. Mvua ikarudi, vyura wakaanza kuimba kwenye majani ya chini ya bomba, na watu wakawa wananitania, "Chebet, ng'ombe wako wanalia," mimi nikaitika kwa kicheko, lakini ndani nasikia kitu kingine: mguu wa kukunja, mkia, mguu wa kukunja.

Mama Dereva alirudi mchana mmoja, juu ya lori lilelile, amefunga mtoto mgongoni kwa kanga. Mumewe alitangulia na kikapu, na ndani ya kikapu kulikuwa na samaki wa kweli, mkubwa kama mkono wa baba, amekaushwa kwa moshi, wangu mimi, ametumwa na nyanya yake mtoto. Watu wote wakamzunguka huyo samaki. Mimi nilimpita.

"Nipe nimshike," nikasema.

Mama Dereva akakaa kwenye gogo letu la zamani akanipakatisha. Mvulana. Mzito, amelala, mdomo unafunguka na kujifunga kama mtu anayetaka kusema kitu akasahau.  Nikaanza kumfungua kanga. Mama yangu akanikemea kwamba kuna upepo, sikusikia. Nilishika mguu mmoja, nikaunyoosha. Ukanyooka. Nikashika wa pili. Minene, ina mikunjo ya mafuta. Nikahesabu vidole, hakuna ngozi katikati. Halafu, mbele ya laini nzima, nikamgeuza kifudifudi nikamkagua matakoni.

"Chebet!" mama akasema. "Unatafuta nini kwa mtoto wa watu?"

Pale chini ya uti wa mgongo kulikuwa na kishimo kidogo tu, kama alama ya kidole kwenye unga.

"Mkia umeshaingia," nikawaambia.

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile, wala kabla wala baada. Dereva aliketi chini kabisa. Mama Dereva alicheka akilia, akilia akicheka, akanishika kisogo akaniegemeza kwake mimi na mtoto pamoja. Na mimi sikuelewa wanacheka nini, kwa sababu nilikuwa naona jambo lililo wazi. Nilimfunga kanga yake vizuri. Nikaita Kiptoo, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, aje mbele aone.

"Huyu pia," nikamwambia, "nimemfuga mimi."